Kabati la Mlangoni Penye Theluji

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, hasa Minnesota, Wisconsin na Maine, nyumba nyingi za familia hujengwa zikiwa na chumba kidogo kinachoutenga mlango wa nyuma, au ule wa gereji, na sehemu nyingine za nyumba, na kazi ya chumba hicho ni kupokea theluji, matope na chumvi vinavyoingia na miguu ya watu ili visifike jikoni wala sebuleni. Katika mazungumzo haya kitaitwa chumba cha buti. Ndani yake huwekwa kabati la makoti, kulabu, benchi la kukalia wakati wa kuvua viatu, na rafu za glavu, kofia na skafu. Waliozoea daka, yaani kibaraza cha mlangoni katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, wataona kwamba mahali pake ni palepale, kati ya nje na ndani, ingawa daka lilikusudiwa kumkalisha mgeni ilhali chumba cha buti kimekusudiwa kuuzuia uchafu.

Wanaozungumza Kiswahili hawako mbali na suala hili. Wakenya wengi wameweka makazi katika vitongoji vya Minneapolis, Wakongomani wengi wamefika Portland na Lewiston katika jimbo la Maine, na kila anayenunua nyumba huko hujikuta akichagua samani ambayo wazazi wake hawakupata kuihitaji. Ujuzi wa mbao aliokuja nao si mdogo, lakini umepimwa kwa maadui wengine, kwa kuwa fundi wa Tabora au Mombasa huusifu mninga na mvule kwa sababu mchwa hawaupati kirahisi, ilhali katika Minnesota mchwa si tishio kwa samani, na ubao uliosifiwa kwa ugumu wake unaweza kupasuka kabla ya majira mawili ya baridi kupita.

Dhana ya kwanza inayohitaji kusahihishwa ni ile inayosema kwamba kabati la nchi za theluji huharibiwa na baridi. Wastani wa joto la mwezi wa Januari mjini Minneapolis ni karibu nyuzijoto 9 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, na huko Tower, kaskazini mwa jimbo hilohilo, kipimajoto kilishuka hadi nyuzijoto 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996. Hata hivyo ubao mkavu hauharibiki kwa sababu tu umekaa katika baridi ya namna hiyo. Kinachoiangamiza samani ni kukutana kwa baridi ya nje na joto la ndani, kwani theluji iliyogandamana na buti huyeyuka ikawa maji, maji hayo hubeba chumvi iliyomwagwa barabarani, na hewa iliyopashwa moto huukausha upande mmoja wa ubao wakati upande wa pili ungali umelowa.

Maji hushuka, na kwa sababu hiyo sehemu ya kabati inayopaswa kuchunguzwa kwanza ni ile ambayo mnunuzi huitazama mwisho, au haitazami kabisa, yaani kitako chake. Kabati nyingi zinazouzwa tayari, zikiwamo zenye milango ya mwaloni halisi, zina kiwiliwili na kitako cha chipubodi, ambayo ni bamba la chembe za mbao zilizochanganywa na gundi kisha zikashindiliwa kwa joto na uzito mkubwa. Gundi inayotumiwa zaidi humo hutokana na yurea na formaldehaidi. Ni ya bei nafuu na hushika upesi, lakini vifungo vyake vya kikemia huvunjwa na maji, na chembe zenyewe, kwa kuwa zilibanwa zikiwa kavu, zikilowa hutanuka na kusukumana hadi bamba likafura. Ubao wa kawaida ukifura kwa maji hurudi karibu na unene wake unapokauka, lakini chipubodi iliyofura hubaki imefura, skrubu zikalegea humo, na ngozi ya plastiki iliyoifunika ikabanduka kuanzia ukingoni. MDF, ambayo hutengenezwa kwa nyuzi laini badala ya chembe, ina uso mzuri unaopokea rangi vizuri, ila ukingo wake hunywa maji kwa pupa ileile. Zipo aina zilizoongezwa melamini ndani ya gundi ili zivumilie unyevu, nazo mara nyingi hutiwa rangi ya kijani ili zitambulike. Mnunuzi akumbuke kwamba kuvumilia unyevu wa hewa ni jambo moja, na kusimama ndani ya dimbwi kila jioni kuanzia Novemba hadi Aprili ni jambo jingine.

Hapa pana lebo moja inayowachanganya wengi. Tangu tarehe 1 Juni 2018, sheria ya Marekani imeyataka mabamba ya mbao za kuunganishwa yasitoe formaldehaidi kupita viwango vilivyowekwa, ambavyo ni sehemu 0.05 kwa milioni kwa plaiwudi ya mbao ngumu, 0.09 kwa chipubodi na 0.11 kwa MDF ya kawaida. Sheria hiyo ni njema, kwa kuwa inalinda mapafu ya wakaaji, lakini lebo inayoitaja haisemi lolote kuhusu uwezo wa bamba kuyahimili maji, na muuzaji anayeionyesha kama cheti cha uimara anapotosha.

Chumvi ina hila zaidi kuliko maji. Ile inayomwagwa barabarani na kwenye njia za waenda kwa miguu ni kloridi ya sodiamu, ileile ya mezani ikiwa haijasafishwa, na huzuia barafu kwa kushusha kiwango cha joto ambacho maji huganda. Nguvu yake hupungua sana baridi inapopita takriban nyuzijoto 9 chini ya sifuri, na ndiyo maana katika siku za baridi kali hutumiwa pia kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu. Chumvi hizi zote huvuta mvuke kutoka hewani, na zikivuta wa kutosha hujiyeyusha zenyewe. Lakini hazilingani kwa uchu. Kipimo kinachotumiwa hapa ni unyevu linganifu, yaani ulinganisho wa mvuke uliomo hewani na mvuke wote ambao hewa hiyo ingeweza kuubeba katika joto lilelile. Chumvi ya kawaida huanza kujiyeyusha unyevu linganifu unapofika asilimia 75 hivi, kiwango ambacho ni nadra kufikiwa ndani ya nyumba wakati wa baridi, kwa hiyo hukauka ikabaki unga mweupe unaoweza kufagiliwa. Kloridi ya kalsiamu huanza katika asilimia 30 hivi. Maana yake ni kwamba ndani ya nyumba yenye unyevu wa asilimia 35, ambayo mkaaji wake analalamika kwamba ngozi yake inakauka na midomo inapasuka, tone la chumvi hiyo lililoanguka juu ya bawaba au katika kona ya rafu haliwezi kukauka, litabaki majimaji likila chuma na kulowesha ubao mpaka mtu alifute kwa kitambaa chenye maji safi.

Kwa ajili hiyo vyuma vidogo vya kabati, yaani bawaba, skrubu, kulabu na reli za droo, vinastahili kuangaliwa kwa ukali kuliko milango. Bawaba za kawaida ni chuma kilichopakwa zinki kwa utando mwembamba, na kloridi huutoboa utando huo, kisha kutu huanza chini yake bila kuonekana. Chuma kisichoshika kutu nacho hakifanani chote: daraja la 304, lenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, latosha kwa kulabu na vishikio vilivyo juu, lakini kwa bawaba za chini na miguu ya benchi daraja la 316, lililoongezwa asilimia 2 hadi 3 ya molibdenamu, hustahimili kloridi vizuri zaidi, nalo ndilo hutumiwa katika vyombo vya baharini. Watengenezaji hupenda kutaja saa ambazo bidhaa yao imekaa katika jaribio la ukungu wa chumvi, ambamo mchanganyiko wenye asilimia 5 ya chumvi hunyunyizwa katika joto la nyuzijoto 35. Saa hizo hufaa kulinganisha bawaba moja na nyingine. Hazigeuzwi kuwa miaka ya matumizi nyumbani, na asiyejua hilo hudanganyika kwa urahisi.

Baada ya maji na chumvi huja adui ambaye mgeni kutoka pwani ya Afrika Mashariki hamtarajii kabisa, naye ni ukavu. Hewa ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya takriban gramu 1 ya mvuke katika mita moja ya ujazo, ilhali hewa ya nyuzijoto 20 juu ya sifuri huweza kubeba gramu 17. Hewa ya nje inapopenya ndani na kupashwa moto bila kuongezewa maji, unyevu wake linganifu hushuka hadi asilimia 6 hivi, na ni mvuke wa kupika, kuoga na kupumua tu unaoupandisha hadi asilimia 20 au 30. Kiangazi kikija, Minnesota hiyohiyo huwa na hewa nzito yenye unyevu wa asilimia 60 na zaidi. Ubao hutafuta usawa na hewa inayouzunguka: katika unyevu wa asilimia 65 hutulia ukiwa na maji ya takriban asilimia 12 ya uzito wake mkavu, na katika asilimia 25 hushuka hadi karibu 5. Kati ya viwango hivyo viwili, ubao husinyaa wakati wa baridi na hutanuka wakati wa kiangazi, mwaka baada ya mwaka, na hakuna vanishi inayoweza kuuzuia usifanye hivyo. Vanishi huuchelewesha tu.

Kusinyaa huko hakulingani pande zote. Kwa urefu wa nyuzi zake ubao hausinyai kwa kiasi cha kuhesabika, ila kwa upana wake, hasa ukipasuliwa kufuata mzunguko wa pete za mti, husinyaa sana. Maabara ya Mazao ya Misitu ya serikali ya Marekani, iliyofunguliwa mjini Madison, Wisconsin, mwaka 1910, imepima tabia hii kwa miti mingi, na majedwali yake yanaonyesha kwamba mwaloni mwekundu, kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, hupoteza asilimia 8.6 ya upana kwa kufuata pete, mti wa mepoli mgumu karibu 9.9, na mtiki 5.8 tu. Kwa hesabu hiyo, ubao wa mwaloni mwekundu wenye upana wa sentimita 30 unaweza kupungua zaidi ya nusu sentimita kati ya Agosti na Februari. Ukiwa umepigiliwa au kubandikwa gundi pande zote mbili, hauna pa kwenda, nao hupasuka katikati kwa mlio unaosikika usiku. Mninga nao husifiwa na mafundi kwa kutochezacheza, na sifa hiyo, kuliko ile ya mchwa, ndiyo ingekuwa na maana Minnesota, japokuwa kuusafirisha mninga hadi huko ni gharama isiyo na sababu maadamu njia nyingine ipo.

Njia hiyo ni ya kale, nayo ni fremu na kipande. Fremu hujengwa kwa mbao nyembamba zilizoungwa kwa tundu na ulimi, na kipande kipana cha katikati huingizwa katika mfuo uliochimbwa ndani ya fremu bila gundi wala msumari, ili kitanuke na kusinyaa kwa uhuru huku umbo la mlango likibaki lilelile. Mnunuzi anaweza kuijaribu dukani kwa kubonyeza kipande hicho kwa vidole, na kikicheza kidogo sana ndani ya fremu asikione kuwa kibovu, kwa kuwa ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Kwa kiwiliwili cha kabati, plaiwudi hushinda ubao mzima, kwa sababu hutengenezwa kwa tabaka nyembamba zilizopishanishwa nyuzi, kila tabaka likiizuia jirani yake isisinyae, hivyo bamba zima halisogei ila kidogo mno. Sharti ni kwamba gundi yake iwe ya fenoli, ile nyeusi-nyekundu isiyovunjwa na maji, na kwamba kingo zote, pamoja na kila tundu la skrubu, zizibwe kwa vanishi au resini, kwa maana ukingo hunywa maji kwa kasi kubwa kuliko uso. Mafundi wengi hupaka vanishi upande unaoonekana na kuuacha wa nyuma mtupu, na kwa kufanya hivyo huufanya upande mmoja ukauke upesi kuliko mwingine, na bamba likajipinda. Huo ni uvivu unaogharimu.

Liko jambo moja ambalo hata wauzaji waaminifu hulisahau, nalo ni ukuta. Kabati lililoegemezwa barabara kwenye ukuta wa nje huuzuia ukuta huo usipate joto la chumba, na uso wake hupoa sana, hasa kwenye kona na mahali ambapo kihami joto kimewekwa vibaya. Hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa matone inapogusa kitu chenye nyuzijoto 6 au chini yake. Na kwa kuwa buti na makoti yaliyolowa huongeza mvuke ndani ya kabati, matone hujikusanya nyuma yake bila mtu kuyaona, kisha kuvu hufuata. Afadhali kabati liwekwe kwenye ukuta wa ndani. Isipowezekana, liachiwe nafasi ya sentimita mbili au tatu nyuma, na matundu chini na juu, ili hewa ya chumba ipande nyuma yake.

Hoja hiyo ya hewa inafikisha kwenye swali ambalo pengine lilipaswa kuulizwa kabla ya lile la mbao: je, vitu vilivyolowa vinahitaji kabati lenye milango? Jamii ya Kikristo ya Shaker, ambayo tangu mwishoni mwa karne ya 18 imekuwa na makazi Sabbathday Lake katika jimbo la Maine, ilizungusha kwenye kuta za vyumba vyake ubao mwembamba wenye vigingi vya mbao, ikatundika humo makoti, kofia na hata viti. Koti lililotundikwa wazi hukauka. Lililofungiwa hubaki na unyevu na harufu. Huko Sweden na Finland wamechukua njia ya pili, ya kulifanya kabati lenyewe kuwa kikaushio, kwa kulitia kipuliza hewa ya moto na bomba la kutolea mvuke, na makabati hayo ni ya kawaida katika shule za chekechea, ambako watoto hutoka kucheza katika theluji na kurudi wamelowa. Kabati lililofungwa, lisilo na matundu wala kikaushio, na likawekewa buti zilizolowa, ni hasara hata likijengwa kwa mtiki. Kwa hiyo sehemu ya chini iachwe wazi, yenye sinia la plastiki la kupokea maji linaloweza kuinuliwa na kumwagwa, na milango iwekwe juu tu, kwa vitu vikavu.

Kitako chenyewe kisiguse sakafu. Ama kabati litundikwe ukutani juu ya ubao imara uliopigiliwa kwenye nguzo za ukuta, ama lisimame juu ya miguu ya chuma au plastiki yenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, na vigae vya sakafu vipite chini yake hadi ukutani, ili dimbwi lipigwe deki bila kizuizi. Benchi la kukalia hufaa kwa kimo cha sentimita 45 hivi, na kina cha kabati la makoti mazito ya baridi, yakitundikwa kwa henga, kisipungue sentimita 60. Vishikio viwe vikubwa kiasi cha kushikika na mkono uliovaa glavu.

Kabati za chuma kitupu, kama zile za vyumba vya kubadilishia nguo michezoni, zinafaa ikiwa rangi yake ni ile ya unga iliyookwa, lakini kila mkwaruzo hapo ni mlango wa kutu. Plastiki ya polietilini nzito haiozi, hailiwi na chumvi, na haivunjiki kwa baridi kama PVC inavyoweza kuvunjika. Kasoro yake ni kwamba katika chumba kisichopashwa moto, ambacho hupanda na kushuka kwa nyuzijoto 40 kati ya majira, bamba lake la mita 2 hubadilika urefu kwa takriban sentimita moja, na fundi asiyeliachia nafasi atalikuta limejikunja.

Mpangaji, ambaye hawezi kugusa kuta za mwenye nyumba, hana haja ya kabati kubwa. Benchi moja la mbao, sinia mbili za buti na ubao wa vigingi unaosimama wenyewe vitamtosha, na vyote vitahama naye. Mwenye nyumba anayepungukiwa fedha asizitumie kwa milango ya mwaloni juu ya kiwiliwili cha chipubodi, kwa kuwa hapo amenunua sura. Achague plaiwudi iliyopakwa rangi, yenye miguu mirefu na bawaba nzuri, na milango aiongeze mwaka mwingine. Na kabla ya kulipa, amwombe muuzaji ailaze sampuli ya kabati chali, auone ukingo wa chini wa kitako kwa macho yake. Ukiwa ni chembe tupu zisizozibwa, kabati hilo lipelekwe chumba cha kulala.